Kuchagua Panga la Porini: Mwongozo kwa Wakazi wa Eldoret na Nyanda Zinazoizunguka

Kisu kikubwa cha porini, yaani kisu ambacho bapa lake halikunjwi bali limeshikamana na mpini moja kwa moja, hununuliwa kwa ajili ya siku ambayo hakuna zana nyingine karibu: mti umeanguka na kuziba njia, kuni zimelowa, usiku unaingia pasipo paa, au msafiri mmoja ameumia na machela haina budi kutengenezwa kwa fito zinazopatikana papo hapo. Kwa mkazi wa Eldoret na wa kaunti jirani za Nandi, Elgeyo-Marakwet na Trans Nzoia, kisu hicho si kitu cha kuagizwa kutoka ng'ambo, kwa kuwa panga limekuwa mkononi mwa mkulima, mchungaji na mkata kuni kwa vizazi kadhaa, nalo hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi na kilimo hata katika vituo vidogo vya biashara. Kazi kubwa ya mnunuzi si kulipata panga bali ni kulitambua lililo jema, maana mapanga mawili yanayofanana kwa urefu, rangi na bei yanaweza kuachana kabisa siku ya kazi, moja likakata tangu asubuhi hadi jioni na jingine likapinda, likameguka makali au likachomoka mpinini.

Sababu ya tofauti hiyo ni kwamba ubora wa panga hukaa mahali pasipoonekana kwa haraka. Urefu, mng'aro na nembo huonekana na kila apitaye dukani, lakini jinsi chuma kilivyopashwa moto na kupozwa, jinsi mkia wa bapa ulivyoingia ndani ya mpini, na jinsi makali yalivyochongwa ni mambo yanayohitaji jicho lililofundishwa, mkono na tupa. Mwongozo huu unaeleza mambo hayo kwa utaratibu ambao mnunuzi mwenyewe anapaswa kuufuata: kwanza mazingira na kazi, kisha umbo, chuma, mkia na mpini, majaribio ya dukani, uagizaji kwa mhunzi, utunzaji, usalama pamoja na sheria, na mwisho mgawanyo wa fedha.

Mazingira huamua kazi

Eldoret iko juu ya uwanda wa Uasin Gishu, katika mwinuko wa takriban mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na mtu anayesafiri kutoka mjini kuelekea mashariki kwa mwendo wa saa mbili au tatu za gari hupita katika mazingira matatu yanayodai mambo tofauti kutoka kwa panga lake.

Mazingira ya kwanza ni misitu ya nyanda za juu, kama vile Kaptagat na vilima vya Cherangani, ambako baridi na unyevu ndio maadui wakubwa wa aliyepotea au kukwama. Huko, kazi kuu ya panga ni kupasua kuni zilizolowa ili kuufikia moyo wa mti ulio mkavu, kuchonga vibanzi vyembamba vya kuwashia moto, na kukata matawi ya kujengea kibanda. Miti ya kupandwa kama misaiprasi na misonobari ni laini na hupasuka kwa urahisi ikiwa mikavu, ilhali mzeituni mwitu na mkaratusi uliokauka ni migumu na hulichosha bapa lililo jembamba mno.

Mazingira ya pili ni ukingo wa Elgeyo, yaani ule mteremko mkali unaoanzia kando ya Iten, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400, na kuporomoka kupitia Tambach hadi chini bondeni. Katika mteremko wa namna hiyo mkono mmoja hutumika kujishikilia, kwa hiyo panga refu na zito ni hatari kwa mwenyewe kuliko msaada. Nyanda hizi pia hujulikana kwa maporomoko ya ardhi wakati wa mvua kubwa: Novemba 2019 maporomoko yaliua makumi ya watu katika kaunti ya Pokot Magharibi na kukata barabara na madaraja, na Aprili 2020 maafa ya aina hiyo yaliikumba Chesegon, mpakani mwa Pokot Magharibi na Elgeyo-Marakwet. Barabara inapokatika namna hiyo, mwenye panga zuri ndani ya gari au nyumbani anaweza kuondoa matawi yaliyolala njiani na kuwafikia jirani zake kabla ya msaada mwingine kufika.

Mazingira ya tatu ni bonde la mto Kerio, ulio miongoni mwa mito inayopeleka maji Ziwa Turkana, ambako joto ni kali na mimea ni ya ukame. Migunga ya huko ina mti mgumu na miiba mirefu, na ndiyo sababu urefu wa bapa unakuwa faida, kwa kuwa huuweka mkono mbali na miiba wakati wa kukata. Hupatikana pia mimea ya jamii ya mnyaa, ambayo utomvu wake mweupe unaweza kuumiza macho vibaya, hata kumpofusha mtu. Mtumiaji anapaswa kuitambua kabla ya kuinua panga, na ikiwa hakuna budi kuikata, asimame upande unakotoka upepo ili matone yasimrudie usoni.

Panga, sime na kisu kinene

Panga la kawaida la Afrika Mashariki lina bapa la sentimita 40 hadi 50, unene wa milimita 2 hadi 3, na umbo linalopanuka kuelekea mbele, hivyo kwamba uzito mwingi hukaa karibu na ncha. Umbo hilo lina sababu yake, kwani uzito wa mbele huongeza nguvu ya pigo bila kumchosha mtumiaji, na wembamba wa bapa huliwezesha kupenya katika shina bichi kwa pigo moja badala ya kukwama. Uwezo huo ulithibitishwa mbali sana na nyumbani, pale askari wa King's African Rifles waliokuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walipopita katika bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, katikati ya mvua za monsuni, hadi kuufikia mto Chindwin, panga likiwa miongoni mwa zana walizozitegemea kujifungulia njia msituni. Upungufu wa panga la kawaida ni kwamba wembamba wake haulifanyi kuwa zana nzuri ya kupasulia magogo manene, wala urefu wake haufai kwa kazi ndogo kama kuchonga kigingi au kuchuna mnyama.

Sime ni kisu kirefu chenye makali pande mbili, chembamba karibu na mpini na kipana kuelekea ncha, kilichozoeleka kwa Wamaasai na jamii nyingine za Kenya; kwa Wamaasai kilifuliwa na wahunzi wa ukoo wa Ilkunono na kubebwa ndani ya ala ya ngozi. Ni silaha na zana ya mchungaji yenye heshima kubwa, nayo hukata nyama na matawi madogo vizuri, lakini makali yake ya pande mbili ni kikwazo porini. Mgongo wa kisu, yaani ule upande usio na makali, ndio unaopokea kiganja wakati wa kukandamiza na ndio unaogongwa kwa rungu wakati wa kupasua kuni, na sime haina mgongo wa namna hiyo. Anayechagua chombo kimoja tu cha kujiokoa, basi, hafanyi vyema kuchagua sime, hata kama ameizoea tangu utotoni.

Kisu kinene cha porini cha mtindo wa Ulaya na Marekani huwa na bapa la sentimita 18 hadi 25 na unene wa milimita 5 hadi 6. Unene huo hukiwezesha kustahimili kugongwa mgongoni na kupenya katika gogo la unene wa mkono, lakini ufupi wake hukifanya kishindwe kabisa kufyeka kichaka, na mara nyingi bei yake hupita ile ya mapanga kadhaa mema.

Kwa mahitaji ya mtu wa Eldoret anayezunguka katika mazingira yote matatu, chaguo linalofaa zaidi ni panga fupi kidogo kuliko la shambani, lenye bapa la sentimita 35 hadi 40 na unene wa karibu milimita 3, likiambatana na kisu kidogo cha jikoni au cha mfukoni kwa kazi za vidole. Anayekaa bondeni tu anaweza kuongeza urefu hadi sentimita 45, na anayekaa zaidi katika msitu wa nyanda za juu, ambako kupasua kuni ni kazi ya kila jioni, anaweza kupunguza urefu hadi sentimita 30 na kuongeza unene hadi milimita 4. Kwa upande wa kimo cha mtumiaji, kanuni rahisi ni kwamba akisimama wima na kuuning'iniza mkono ulioshika panga, ncha inapaswa kubaki juu ya kifundo cha mguu, la sivyo pigo litakalokosa shabaha litaishia mguuni mwake.

Chuma na namna kilivyotiwa moto

Panga hutengenezwa kwa pua, yaani chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo. Kaboni ndiyo inayokiwezesha chuma kuwa kigumu, na kwa mapanga kiasi kinachofaa ni kati ya asilimia 0.5 na 0.8, chini ya hapo makali hulala mara tu yanapokutana na mti mgumu, na juu ya hapo bapa refu huwa rahisi kuvunjika. Hata hivyo, aina ya chuma ni nusu tu ya habari, kwa sababu chuma kizuri kisichotiwa moto ipasavyo ni kibovu kuliko chuma cha wastani kilichotendewa haki.

Utiaji moto una hatua mbili. Katika hatua ya kwanza chuma hupashwa hadi kiwe chekundu, kiasi cha kupoteza uwezo wa kuvutwa na sumaku, jambo linalotokea kwenye joto la karibu digrii 770 za Selsiasi, kisha huongezwa moto kidogo na kuchovywa ghafla ndani ya mafuta au maji. Chuma kinapotoka hapo huwa kigumu sana lakini hakina ustahimilivu, yaani uwezo wa kupokea pigo bila kuvunjika. Kwa hiyo hatua ya pili ni kukipasha tena kwa moto wa chini, kati ya digrii 200 na 350, ili kipunguziwe ugumu kidogo na kupata ustahimilivu. Mhunzi huifuata hatua hiyo kwa kutazama rangi inayojitokeza juu ya chuma kilichosafishwa: kwanza manjano ya majani makavu, kisha hudhurungi, kisha zambarau, na mwisho buluu. Makali ya kisu kidogo huachwa kwenye manjano, ilhali panga, ambalo kazi yake ni kupiga, hupelekwa mbele zaidi hadi kwenye zambarau au buluu.

Maarifa hayo ya rangi yana faida ya moja kwa moja kwa mnunuzi. Mapanga mengi huuzwa yakiwa butu na kunolewa papo hapo kwa grainda, yaani mashine ya umeme yenye jiwe linalozunguka, na mashine hiyo ikikandamizwa kwa muda mrefu hupasha makali yenyewe kuliko yalivyostahili. Ukionekana mstari mwembamba wa buluu iliyokolea au kijivu kando ya makali ya panga lililotoka kunolewa sasa hivi, ilhali sehemu nyingine ya bapa haina rangi hiyo, makali hayo yamekwisha kupoteza ugumu wake, nayo yatalala baada ya mapigo machache. Ni heri kununua panga lililo butu na kulinoa kwa tupa nyumbani kuliko kulikabidhi kwa mashine isiyosimamiwa.

Kuhusu chuma kisichoshika kutu, ambacho hutiwa kromiamu ya zaidi ya asilimia 10, inafaa kusema kwamba kinavutia kwa usafi wake, lakini katika bapa refu la kupigia mara nyingi huwa na ustahimilivu mdogo kuliko pua ya kawaida, na ni kigumu kukirekebisha kwa tupa ukiwa porini. Pua ya kawaida hushika kutu ikiachwa na unyevu, nayo hudai kufutwa na kupakwa mafuta. Hiyo ni kazi ndogo ikilinganishwa na faida yake.

Mkia na mpini

Mkia ni ile sehemu ya chuma inayoendelea kutoka kwenye bapa na kuingia ndani ya mpini, na ndiyo inayobeba mshtuko wote wa pigo. Panga la kutegemewa lina mkia mpana unaofika mwisho wa mpini na wenye umbo la mpini wenyewe, hivyo kwamba chuma kinaonekana katikati ya vipande viwili vya mbao au plastiki kuanzia juu hadi chini. Mkia uliochongoka na kuishia katikati ya mpini unaweza kutosha kwa kisu cha jikoni, lakini katika panga hulegea kidogo kila siku hadi siku moja bapa linaruka. La hatari zaidi ni panga ambalo mkia wake umeungwa kwenye bapa kwa kulehemu, kwa sababu moto wa kulehemu hubadilisha chuma cha kando ya kiungo na kuacha mahali dhaifu pale hasa mshtuko unapokusanyika. Palipo na uvimbe, mkwaruzo wa kusawazisha au rangi nzito iliyopakwa mahali hapo peke yake, panga hilo liachwe.

Vipande vya mpini hushikizwa kwa ribiti, yaani vijiti vya chuma vinavyopenya tundu na kufuliwa kichwa pande zote mbili. Ribiti tatu ni bora kuliko mbili, na vichwa vyake vinapaswa kulala sawasawa na mbao ili visichubue kiganja. Mbao inayofaa ni ngumu na iliyokauka vizuri, kama ile ya mzeituni mwitu, kwa kuwa mpini uliochongwa kwa mti mbichi kwenye baridi ya uwanda utasinyaa ukifika kwenye joto la Kerio, na ribiti zitaanza kucheza. Plastiki haisinyai namna hiyo, lakini ile ya bei ya chini huteleza ikilowa na hupasuka panga likiangukia jiwe. Kwa vyovyote vile, mwisho wa mpini uwe na uvimbe au ndoano inayoshuka kuelekea kidole cha mwisho, ili mkono uliolowa au kufa ganzi kwa baridi usiliachie panga katikati ya pigo.

Majaribio ya kufanya kabla ya kulipa

Mwenye duka mwaminifu hamzuii mteja kuyafanya majaribio yafuatayo, mradi mteja ameomba ruhusa na anayafanya kwa uangalifu.

1. Mnunuzi alielekeze panga kwenye mwanga, makali yakiwa juu, na kuangalia kwa jicho moja kutoka mpinini hadi ncha. Makali na mgongo vinapaswa kwenda sambamba bila kujipinda. Panga lililopotoka tangu dukani halitanyooka kwa kazi.

2. Alishike kwa vidole viwili karibu na mpini, liwe linaning'inia, na kuligonga bapani kwa kitu kidogo cha chuma. Mlio mrefu na safi ni dalili kwamba chuma hakina ufa na mpini umeshikamana, na mlio mfupi uliokufa hudai uchunguzi zaidi.

3. Aikandamize ncha juu ya ubao na kulipinda bapa kiasi cha upana wa vidole vitatu. Likirudi kunyooka kabisa, limetiwa moto ipasavyo. Likibaki na mpindo, ni laini. Jaribio hili lisifanywe kwa nguvu za kushindana, na uso ukae mbali.

4. Apitishe tupa mpya kidogo kwenye makali. Tupa ikiuma kwa shida na kuacha mkwaruzo mwembamba, ugumu unafaa. Ikila chuma kwa wingi, makali hayatadumu. Ikiteleza bila kuacha alama yoyote, makali ni magumu mno na yatameguka yakikutana na fundo la mti.

5. Ashike mpini kwa nguvu na kumwomba mwenzake aisukume ncha taratibu kulia na kushoto. Mchezo wowote kati ya chuma na mpini, hata mdogo kiasi gani, utaongezeka kwa kila pigo.

6. Alishike panga kama mtu anayetaka kukata, kisha alibebe hivyo kwa dakika kadhaa akiwa anazungumza na muuzaji. Uzito ambao hausikiki kwa pigo la kwanza husikika kifundoni mwa mkono baada ya muda, na kuchoka ndicho chanzo cha ajali nyingi.

Kuagiza kwa mhunzi

Asiyeridhika na mapanga ya dukani anaweza kumwendea fundi wa jua kali anayefua chuma, na hapo malighafi inayopendwa zaidi ni springi ya gari, yaani vile vipande virefu vya pua vinavyobeba uzito wa lori au matatu. Chuma hicho kwa kawaida kina kaboni ya karibu asilimia 0.6 pamoja na viungo vingine vinavyokipa ustahimilivu, kwa hiyo kinafaa panga kwa asili yake. Kina tatizo moja ambalo mteja anapaswa kulijua: springi iliyofanya kazi kwa miaka mingi katika barabara mbovu inaweza kuwa na nyufa ndogo sana zisizoonekana kwa macho, hasa karibu na tundu la katikati na mahali vipande viliposuguana. Inafaa kumwomba fundi atumie kipande kilicho mbali na tundu, akisafishe hadi king'ae, na akitazame kwa makini kabla ya kukitia motoni.

Mazungumzo na fundi yanafaa kuwa mahususi. Mteja ataje urefu na unene anaoutaka, aombe mkia mpana usioungwa kwa kulehemu, kisha aulize jinsi fundi anavyochovya na anavyopasha tena. Fundi anayejibu kwamba huchovya katika mafuta, akaeleza rangi anayoingojea katika moto wa pili, anaijua kazi yake na anastahili malipo yake bila kupunguziwa. Anayechovya kwenye maji baridi na kukabidhi panga bila moto wa pili anauza kitu kinachoweza kuvunjika vipande mkononi mwa mteja, na asiyechovya kabisa anauza chuma kilichochongwa kwa umbo la panga.

Kunoa na kutunza

Makali ya panga yanapaswa kuchongwa kwa pembe ya digrii 20 hadi 25 kila upande. Pembe kali kuliko hiyo hukata nyasi vizuri lakini humeguka kwenye mgunga, na pembe butu zaidi huligeuza panga kuwa rungu. Njia nzuri ni kuyagawa makali katika sehemu mbili: theluthi ya karibu na mpini inolewe iwe kali zaidi kwa ajili ya kuchonga, na sehemu iliyobaki, inayopokea mapigo, iachwe na pembe iliyo imara. Tupa husukumwa kuelekea mbele peke yake, ikiinuliwa wakati wa kurudi, na mnoaji huhesabu mapigo ili pande zote mbili zilingane; kisha kinoo, yaani jiwe la kunolea, huondoa utando mwembamba wa chuma unaobaki kwenye makali. Tupa ndogo na kipande cha kinoo vina haki ya nafasi katika mkoba wa safari sawa na panga lenyewe.

Ala, yaani mfuko wa kuhifadhia panga, huhitaji uangalifu kuliko inavyodhaniwa. Ala ya ngozi ni imara na haina kelele, lakini baadhi ya ngozi hutiwa tanini, yaani dawa inayotolewa katika maganda ya miti ili kuizuia ngozi isioze. Uwanda wa Uasin Gishu unaijua dawa hiyo vizuri, kwa kuwa kwa miongo mingi miwati ilipandwa huku na maganda yake kusindikwa mjini Eldoret na kampuni ya East African Tanning Extract, iliyojulikana kama EATEC. Tanini ikikutana na chuma pamoja na unyevu huacha doa jeusi, na doa hilo lisipofutwa hufuatwa na kutu inayotoboa makali. Kwa sababu hiyo panga libebwe ndani ya ala ya ngozi safarini, lakini nyumbani lihifadhiwe nje yake, likiwa limefutwa na kupakwa mafuta membamba, hata ya kupikia. Vivyo hivyo, panga lililokata muwati au mti mwingine wenye utomvu lifutwe jioni ile ile. Ala iwe na mshono ulioimarishwa kwa ribiti upande wa makali, kwa sababu uzi peke yake hukatwa taratibu hadi siku panga linapopenya na kumkata mbebaji pajani.

Usalama, sheria na utulivu wa majirani

Mkataji husimama miguu ikiwa imeachana, hukata kwa kuelekeza pigo nje ya mwili, na hahesabu mtu yeyote kuwa salama aliye ndani ya umbali wa mikono miwili pamoja na urefu wa panga. Jeraha likitokea, damu huzuiwa kwa kukandamiza kitambaa safi moja kwa moja juu ya kidonda bila kuinua mkono kila mara kuangalia, na majeruhi hupelekwa hospitalini hata kama damu imekoma, kwa kuwa mishipa ya vidole inaweza kuwa imekatika na kinga ya pepopunda inaweza kuwa imekwisha. Wale wanaoingia msituni mara kwa mara wanafanya vyema kuikamilisha chanjo ya pepopunda mapema.

Kwa upande wa sheria, kumiliki panga nchini Kenya ni jambo la kawaida, lakini kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinamtia hatiani anayepatikana na silaha hatari katika mazingira yanayoonyesha nia ya kutenda kosa kubwa la jinai. Panga lililofungwa ndani ya ala na kuwekwa kwenye buti ya gari pamoja na kamba, sufuria na turubai linajieleza lenyewe, tofauti na lile lililofichwa chini ya koti usiku mjini. Kukata miti katika misitu ya umma bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016, na anayeelekea mbuga au hifadhi, kama vile Rimoi katika bonde la Kerio, anapaswa kutangaza panga lake langoni na kufuata maelekezo ya askari. Msafiri wa ndege hana budi kulifunga ndani ya mzigo unaokabidhiwa, kamwe lisiwe katika mkoba wa mkononi.

Juu ya sheria kuna wajibu ambao katika Eldoret hauhitaji kuandikwa ili uwe mzito. Mji huu na viunga vyake viliumia vibaya katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na kanisa la Kiambaa liliteketezwa tarehe 1 Januari 2008 likiwa na watu waliokimbilia humo. Wako wazee, wajane na watu waliokuwa watoto wakati ule ambao panga lililo wazi barabarani huwarudishia hofu wasiyoistahili. Anayelipenda panga kama zana ana deni la kulibeba likiwa limefunikwa, kutolichezea mbele za watu, na kutolipeleka kamwe kwenye mkutano wa hadhara au mahali pa ugomvi.

Mgawanyo wa fedha

Mnunuzi mwenye fedha za kutosha panga moja la bei kubwa anashauriwa azigawe badala yake katika mambo manne kwa utaratibu huu: panga la bei ya wastani lililopita majaribio yote sita, tupa mpya, ala yenye ribiti, na kisu kidogo. Zikipungua, kisu kidogo kichukuliwe jikoni na ala ishonwe nyumbani, lakini tupa isiachwe, kwa sababu panga la wastani lenye makali mazuri hufanya kazi ambayo panga bora lililo butu haliwezi kuifanya. Kisha panga hilo litumike katika kazi za kawaida za nyumbani, kupasua kuni, kukata ua na kufyeka mpaka wa shamba, kwa miezi kadhaa kabla ya kupelekwa porini, ili upungufu wake ujitokeze mahali ambapo fundi yuko karibu, na ili mkono wa mtumiaji uwe umekwisha kujifunza uzito wake siku ile atakapolihitaji kwa dhati.